Mafuta Niliyoyaosha

Durban, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwanza kabla ya lolote. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, si umesimama, na kwamba goti la kushoto limeacha kukusumbua sasa mvua zimepungua. Bibi Akimana bado anakula vizuri? Na ziwa, bado linaingia kwenye nyumba za watu kule Kalundu, au limerudi mahali pake? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na kile kikohozi cha majira ya baridi kimekwisha. Durban sasa ni joto lenye maji ndani yake. Nguo ukiianika asubuhi, jioni bado ina unyevu, na chuma kisichofutwa kinaota kutu kabla hujamaliza chai.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu huipokei. Nimepiga hadi nimeona aibu. Jean-Bosco, yule Mrundi anayeuza vitenge, anapanda basi wiki hii kwenda huko, na ameniahidi kuiweka barua hii mkononi mwako mwenyewe, si mwa Baba mdogo Anaclet. Nimemsihi hivyo makusudi. Tangu mwezi uliopita maneno yako yote yananifikia kupitia kinywa cha Baba mdogo, na kinywa kile hakijui kupika bila kutia chumvi.

Alichoniambia ni hiki. Kwamba umeiona picha. Kwamba ulilia, kisha ukasema mambo mawili. La kwanza, nikapige magoti mbele ya kanisa niombe msamaha kwa kuosha mafuta ya upako. La pili, nikuandikie kwamba sijawahi kufyatua bunduki. Kazi ya kutengeneza ungejaribu kuivumilia, ulisema, maana hata anayechonga majeneza hajaua mtu. Lakini nikishindwa hayo mawili, nisihesabu tena radhi yako. Neno hilo, radhi, Baba mdogo alilitamka polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba redioni.

Nitakujibu, Mama. Ila utanivumilia nianze mbali kidogo, kwa sababu picha uliyotumiwa ilikatwa pembeni, na habari uliyosimuliwa nayo ilikatwa pembeni.

Unakumbuka nilipomaliza shahada yangu ya uhandisi wa mitambo, jinsi ulivyopiga vigelegele kwenye simu mpaka Bibi akadhani nimeolewa. Baada ya hapo nilizunguka Mobeni yote na Clairwood, kule kwenye viwanda, na vyeti vyangu kwenye bahasha. Kila geti, waliponisikia ninavyoongea, waliniuliza karatasi za uhamiaji kabla ya kuniuliza najua nini. Nikarudi kusuka nywele kwenye saluni ya Tantine Marcelline, dada yake Baba, ambaye alinipokea nilipofika nchi hii na ambaye bado nakaa kwake. Sikudharau kusuka. Lakini jioni nilikuwa nalala na kuota gia.

Ndipo nikaona tangazo kwenye lango moja Mobeni, nyuma ya ghala la matairi: anatafutwa mtu wa mashine ya kukerezea chuma. Mwenye karakana ni Bwana Moodley, Mhindi wa Chatsworth, mzee mwembamba ambaye masikio yake yameharibiwa na kazi yake, kwa hiyo anavaa kifaa cha kusikia na anakizima akichoka na watu. Hakuniuliza karatasi. Alinipa kipande cha chuma chenye skrubu ndogo iliyovunjikia ndani, akasema nikiitoa bila kuharibu nyuzi za tundu nirudi Jumatatu. Niliitoa. Akasema sharp, yaani safi kwa lugha ya mtaani hapa, akanionyesha msumari wa kutundikia aproni. Ni baada ya kuivaa ile aproni ndipo nilipoona kilichokuwa kwenye meza za ndani. Niliona, Mama, na sikuondoka. Usimlaumu mtu kwamba alinivuta. Hakuna aliyenivuta.

Bastola ninazotengeneza si zile ulizozijua wewe. Ni nakala, vitu vilivyoundwa kiwandani juzijuzi kwa kuiga bastola za wazungu wa kale, kabla hazijabuniwa risasi zenye ganda. Wanaozinunua hapa wengi ni wastaafu, wanaopenda mambo ya zamani, wanaokutana Jumamosi kulenga karatasi. Kuijaza ni kazi. Silinda ina vyumba sita. Kila chumba unakimiminia baruti nyeusi, unaweka gololi ya risasi, unaishindilia kwa wenzo ulio chini ya mtutu, kisha kwa nyuma, juu ya kijichuma chenye tundu jembamba, unavalisha fataki ndogo ya shaba. Nyundo ikigonga fataki, moto unapita katika tundu na kuwasha baruti. Jambazi akitaka kuvamia duka kwa bastola kama hii, kabla hajamaliza kuijaza mwenye duka ameshafunga na kwenda nyumbani kula.

Nacheka, lakini sikudanganyi: inaua. Hilo ndilo somo la kwanza alilonipa Bwana Moodley. Sheria ya hapa inataka cheti, na ninacho. Nilifanya mtihani mara nilipopata ukaazi wa kudumu. Hakuna bastola inayokwenda nami nyumbani. Zote zinalala ndani ya sefu.

Adui wa kazi hii ni uchafu. Baruti nyeusi ikiungua inaacha masizi yenye chumvi, na chumvi ile inavuta maji kutoka hewani, na hewa ya Durban haina kingine isipokuwa maji. Mtu akifyatua Jumamosi akaenda kunywa bia bila kuosha bastola yake, Jumatatu ananiletea kipande cha kutu na uso wa huruma. Dawa yake si ya kifahari. Unaifungua yote, unaitumbukiza kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, unasugua kwa brashi, unasuuza, unakausha mpaka kwenye kila tundu, kisha unaipaka mafuta kidogo sana na kufuta. Tena mafuta ya injini hayafai. Yakichanganyika na masizi yanakuwa kama lami. Yanatakiwa mafuta ya mnyama au ya mmea. Bwana Moodley alikuwa akitumia mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na nta, yenye harufu ya Sikukuu iliyopita. Mimi nikamletea mawese ya Tantine, nikayayeyusha na nta, na leo wazee wa kule kwenye shabaha wanayaomba kwa jina. Tantine hanisamehe. Ananiambia yale mawese yametoka Uvira, yamevuka mipaka yote hiyo, yamesumbuliwa na forodha, halafu mimi nayapaka chuma badala ya kuyatia kwenye maharagwe.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Bwana Steve, ambaye zamani aliendesha winchi bandarini, alileta bastola yake ikiwa na ugonjwa. Ukivuta nyundo, silinda ilizunguka lakini haikufika mahali pake sawasawa, ikawa chumba hakikulingana na mtutu, na gololi ikitoka ilikuwa ikikwanguliwa pembeni. Ndani ya bastola kuna kidole kidogo cha chuma kinachoisukuma silinda izunguke, na kile kidole kilikuwa kimelika. Nilikichonga kipya. Nilikata chuma, nikakipiga tupa, nikakijaribu, nikakitoa, nikakipiga tena kidogo, nikakijaribu. Nilikipasha moto mpaka kikawa chekundu, nikakizamisha kwenye mafuta, nikakipasha tena polepole mpaka rangi yake ikawa ya majani makavu, ili kiwe kigumu lakini kisivunjike. Kisha nikaifunga bastola, nikavuta nyundo taratibu huku nimeiweka karibu na sikio. Mama, kitu kinapokaa mahali pake kuna mlio. Ni mlio mdogo, mkavu. Nilikaa pale nikiusikiliza tena na tena, na kama ungenikuta saa ile ukaniuliza kama nina furaha, ningekujibu ndiyo bila kufikiri.

Ilikuwa Ijumaa. Bastola ilikuwa imelala kwenye kitambaa juu ya meza, safi, ikisubiri kujaribiwa kesho yake. Saa ya chakula cha mchana nikamwona Tantine Marcelline mlangoni na sufuria ya sombe ya majani ya muhogo, na nyuma yake Mama Godelive, mke wa pasta wetu, na kina mama wengine wa maombi, wote wamevaa sare ya kitenge. Bwana Moodley aliwadhania wateja. Akawapa viti. Walipomwambia wamekuja kuniombea, akafikiri kidogo, akauliza kama sombe ni ya kila mtu, akapewa sahani, akazima kifaa chake cha kusikia na kwenda kula kwenye kona.

Mama Godelive si mtu mbaya. Nataka uandike hilo moyoni kabla sijaendelea. Ndiye aliyenifulia nilipougua mwaka ule. Aliinama juu ya ile bastola, hakuigusa, akaniambia kwa upole kwamba chuma hiki kimekunywa damu ya watu wa zamani na yeye anaisikia ikilia. Nikamweleza kwamba ni nakala, kwamba imeundwa Italia, kwamba ni ndogo kwangu kwa umri. Akasema pepo haliulizi cheti cha kuzaliwa. Mama mmoja akadakia kwamba kama ina cheti basi imetuzidi sote tuliopo hapa, maana ile iko na karatasi na siye tunapanga mstari uhamiaji tangu alfajiri. Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nakwambia haya ujue kwamba hatukuanza kwa ugomvi.

Kisha wakaomba. Niliinamisha kichwa nikaomba pamoja nao. Nilipofumbua macho, Mama Godelive alikuwa ameshika kichupa chake cha mafuta ya upako, naye alikuwa akimimina. Hakupaka juu tu. Alimimina ndani ya vyumba vya silinda, kimoja baada ya kingine, na kwa kila chumba alitaja jina la mtu wa nyumba yetu. Alianza na Baba. Alisema, Serge. Akaja kwako, akaja kwangu, mpaka vyumba vikajaa. Halafu akasema sasa kinywa chake kimefungwa, haitatema tena.

Mafuta yalikuwa yakitoka kwa nyuma, kupitia vile vitundu vyembamba, yakidondoka kwenye kitambaa.

Mama, nisikilize hapa kama ulivyokuwa ukinisikiliza nikikusomea masomo yangu, hata yale usiyoyapenda. Baruti ikilowa mafuta haikatai kuwaka. Ingekataa ingekuwa heri. Inawaka kidogo, kwa uvivu. Gololi inatoka kwenye chumba lakini haina nguvu ya kumaliza safari, inakwama katikati ya mtutu. Mfyatuaji anasikia mlio hafifu, anadhani imeshindwa tu, anavuta nyundo tena, na chumba kinachofuata pengine ni kikavu. Gololi ya pili inaikuta ya kwanza imeziba njia. Hapo mtutu unapasuka, mbele ya uso wa aliyeishika.

Nikamweleza Mama Godelive haya yote. Nilisema kwa heshima, nikimwita mama. Nikasema maombi yameshafika yalikokwenda, lakini mafuta hayawezi kubaki humo, kwa sababu kesho kuna mtu ataifyatua na anaweza kupoteza macho. Akanijibu kwamba Mungu aliyefunga vinywa vya simba hashindwi na mafuta. Nikasema Mungu huyo ndiye aliyenipa akili ya kujua yanakokwenda mafuta. Akasema nisijaribu. Tantine akanivuta mkono, akaninong'oneza, acha basi, mtoto, waache waondoke kwanza, utaosha baadaye, nani ataona?

Angeona nani, kweli. Ningengoja tu, ningetabasamu, ningewasindikiza hadi getini, nikarudi na kuosha. Leo ningekuwa bado naimba kwaya, na wewe ungekuwa unapokea simu. Lakini nilimwangalia Mama Godelive, nikaona ataondoka akiamini kwamba alichofanya ni chema, na wiki ijayo atakwenda na kichupa chake mahali pengine, kwa mtu mwingine, kwenye mashine nyingine. Na tena, Mama, kuna hili: alikuwa amelitia jina la Baba mle ndani. Amelimimina kwenye chumba cha baruti. Mimi sikutaka jina la Baba likae humo, si kwa saa moja, si mpaka wageni waondoke.

Nikawasha birika. Nikachomoa kabari, nikautenga mtutu, nikatoa silinda. Nikaweka beseni, nikatia sabuni ya vyombo, ile ya kijani, nikamimina maji ya moto, nikaosha mbele yao. Chumba kimoja kimoja. Povu likapanda. Mmoja wao akapiga picha. Hiyo ndiyo picha uliyotumiwa: mimi na mtutu mkononi. Walichokata pembeni ni beseni, na Tantine akilia, na Bwana Moodley nyuma kabisa akiramba kijiko.

Kufikia Jumapili nilikuwa nimewekwa chini ya nidhamu. Wewe unaijua nidhamu ya kanisa letu kuliko mimi. Uliwahi kuwaona watu wakiipitia. Nimetolewa kwaya. Sishiriki meza ya Bwana. Nakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, pamoja na kina mama wenye watoto wanaolia, na watu wanaamkiana nami kwa ncha za vidole. Hayo yote nimeyapokea. Lakini koo hawajanitoa. Kwaya ikianza, naimba sauti yangu ya pili kutoka kule nyuma, kwa nguvu, na kwa vile ukumbi ule una mwangwi, inafika mbele kabla ya sauti zao. Jumapili iliyopita kiongozi wa kwaya alipoteza mstari. Watoto walicheka. Mimi sikucheka, nilimaliza ubeti.

Leo waliniita mbele. Walikuwa wameweka zulia dogo la kupigia magoti. Pasta akasema familia yangu huko Uvira nayo inaomba jambo hili liishe, na hapo nikajua Baba mdogo ameshapiga simu. Akaniuliza kama nina neno. Nikasema ninalo. Nikamgeukia Mama Godelive, nikamwambia namwomba radhi kwa kumwaibisha mbele ya wenzake, kwa maana yeye ni mkubwa wangu na alinifulia nikiwa mgonjwa. Nikasema kwa kuosha siombi msamaha. Nikasema akimimina tena nitaosha tena. Nilibaki nimesimama. Zulia lilibaki pale, na watu walilitazama kama wanavyotazama sahani ya mgeni asiyefika. Pasta akaniambia nirudi nyuma. Nikarudi.

Hilo ndilo jibu la jambo lako la kwanza, Mama. Sikupiga magoti, na sitapiga.

La pili lilinisumbua zaidi. Mchana huu Tantine alikaa nami jikoni. Amechoka na mimi, lakini ananipenda, na hawezi kuficha lolote kati ya hayo mawili. Aliniambia hili la pili ni dogo. Ni sentensi moja tu. Alisema, andika kwamba mtu aliyekuwa afyatue Jumamosi ile ni Bwana Steve, kwani ya nani ile bastola, si yake? Andika wewe unatengeneza tu, kama fundi wa baiskeli asiyepanda baiskeli. Mama yako anautafuta mlango wa kutokea, mfungulie. Alisema hata Mungu atageuza uso kidogo. Nilimuuliza kama yeye angeamini. Akasema hajaulizwa yeye.

Nilikaa na kalamu muda mrefu. Niliweza kuiona sentensi hiyo ilivyo fupi. Niliweza hata kusikia simu yako ikipokelewa.

Karakana ya Bwana Moodley ina desturi moja ambayo aliirithi kwa aliyemfundisha. Aliyeifunga bastola ndiye anayeifyatua kwanza. Si mwenye bastola, si mwenye karakana. Kama kuna kosa, limkute aliyelifanya. Anasema desturi hii imemfundishia mafundi wazuri kuliko chuo chochote, na wale waliokataa kuifuata aliwavua aproni siku hiyohiyo. Kila bastola inayotoka kwenye jiliwa langu, tunaipeleka kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, kwa gari lake, na mimi ndiye ninayeijaza na mimi ndiye ninayesimama.

Yule mtu ambaye angepoteza macho Jumamosi ile, Mama, ni mimi.

Nimefyatua. Nimeandika kwa mkono wangu, kama ulivyotaka. Nimefyatua mara nyingi, na nitafyatua Jumamosi ijayo Mungu akipenda. Mara ya kwanza nilidhani nitamwona Baba. Sikumwona. Nilichoona ni moshi mweupe mzito unaonuka kama kiberiti, na ulipotawanyika, karatasi yenye tundu, na Bwana Moodley akiandaa chai kwenye boneti ya gari. Sauti ile ilikuwa imetoka mkononi mwangu. Maisha yangu yote ilikuwa ikinijia kutoka nje, kutoka barabarani, kutoka kwa watu wengine, nami nikiwa nimelala sakafuni. Siku ile haikunijia. Sijui kukueleza zaidi ya hapo na sitajaribu. Siombi msamaha kwa hilo pia.

Na kuna jambo jingine ambalo sijawahi kukwambia, wala mtu yeyote.

Wewe hutoa ushuhuda kanisani kila mwaka tunapomkumbuka Baba. Husema kwamba wale watu walipokwisha kumpiga risasi pale uani waliingia ndani, wakakwambia upige magoti, na wewe ukapiga magoti na kuomba, na maombi yako yakawageuza wakaondoka. Nimeusikia ushuhuda huo nikiwa mtoto, nimeuona ukiwaliza watu. Mama, mimi nilikuwa chini ya kitanda. Ulidhani nimefumba macho kama ulivyoniagiza. Sikufumba.

Hukupiga magoti. Walikwambia, ukasimama. Mmoja wao akaelekeza bunduki yake chini, kwenye kitanda, alikuwa amesikia pumzi zangu. Na wewe ukanyoosha mkono ukaushika mtutu. Uliushika kwa kiganja kizima, ukausukuma kando, ukamwambia yule kijana kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumkanya mtoto wa jirani, kwamba humu ndani mmekwisha kumaliza, ondokeni. Nao wakaondoka. Kesho yake ulikuwa umefunga kitambaa mkononi, ukasema umeungua na sufuria.

Sielewi kwa nini uliamua kusimulia magoti. Labda kanisa lilihitaji magoti. Labda wewe uliyahitaji. Sikuhukumu, na siri hii haitatoka kwangu kwenda kwa Baba mdogo wala kwa Tantine. Lakini mimi sikulelewa na ule ushuhuda. Mimi nimelelewa na nilichokiona. Ulipoapa kwamba hakuna mkono wa nyumba yetu utakaogusa bunduki, ulipokuwa ukitunyang'anya hata maganda ya risasi tuliyookota na kuyatupa chooni, nilikuwa naangalia kiganja chako na kunyamaza. Leo umenitaka nipige magoti na niseme uongo mdogo ili nibaki kuwa mwanao. Nakujibu kwamba ni kwa sababu mimi ni mwanao ndiyo maana siwezi.

Ukiamua kuiondoa radhi yako, iandike wewe mwenyewe, kwa mwandiko wako, nami nitaisoma. Sitaipokea kupitia Baba mdogo. Jean-Bosco atakaa Uvira siku chache kabla hajarudi. Anafikia kwa dada yake karibu na soko la Mulongwe, na amekubali kubeba jibu lolote, hata likiwa kali. Au upokee simu, unifokee mpaka uchoke. Nitakaa nisikilize. Kufokewa na wewe nimekukumbuka kuliko unavyodhani.

Nisalimie Bibi Akimana, mwambie kitenge kilicho kwenye mzigo wa Jean-Bosco ni chake, chenye maua, asikubali Baba mdogo amwambie ni cha mtu mwingine. Msalimie Baba mdogo pia, kwa adabu zote, maana ni mdogo wa Baba. Wasalimie majirani, na wale wa kwaya ya mama ambao bado wananikumbuka. Tantine anakusalimu na kusema hakuona barua hii kabla sijaifunga. Ulinde lile goti, usichote maji mwenyewe. Bwana akutunze hapo ulipo mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,

Laurette,
fundi wa bastola, Mobeni